Ukitakiwa kusimama sasa hivi, utasimamia wapi?

Ukienda kutafuta gari yadi yoyote ya Dar es Salaam, muuzaji atakufungulia boneti, atawasha injini uisikie inavyotulia, atakuonyesha kilomita na redio yenye skrini. Ukimuuliza breki atasema "breki ziko poa, bosi" na kurudi kwenye habari ya AC. Vijiweni nako ni hivyohivyo, dereva anasifiwa kwa kwenda: fulani katoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, saa tano asubuhi yuko Iringa anakunywa chai. Sijasikia mtu akisifiwa kwa namna alivyosimama.

Kwetu ni Mbeya na riziki yangu iko Dar, kwa hiyo barabara ya Tanzam nimeizoea, kama kuna mtu anayeweza kusema ameizoea. Ni zaidi ya kilomita 800. Ndani ya siku moja unapita joto la Chalinze, mvua za ghafla chini ya Uluguru, tembo wa Mikumi, kona za Kitonga, ukungu wa Mafinga na baridi ya Makambako inayokulazimisha upandishe vioo, na ukishavipandisha vinaanza kuweka mvuke. Muda wote huo uko katikati ya malori yanayoelekea Tunduma, ya Zambia na ya Congo, mengine yamebeba makontena, mengine mafuta. Katika njia hiyo nimebaki na swali moja ninalojiuliza kila hali inapobadilika: nikitakiwa kusimama sasa hivi, nitasimamia wapi?

Swali hilo lina hesabu yake. Gari likiwa kwenye 80 linakata mita 22 kila sekunde. Tangu jicho lione ng'ombe hadi mguu ufike kwenye breki, dereva aliye macho kabisa hutumia sekunde moja hadi moja na nusu, na hapo umeshakwenda mita 30 na ushee bila kupunguza chochote. Ndipo breki zinaanza kazi. Kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazuri, zitataka mita nyingine 35 hivi. Lami ikilowa, hizo 35 zinakaribia mara mbili, na tairi likiwa kipara zinapita hapo. Jumlisha, unapata karibu mita 100. Sasa taa zilizoinamishwa humulika vizuri mita 50 hivi. Anayekwenda 80 usiku kwenye mvua, taa ameinamisha kwa sababu kuna lori linakuja mbele, ana mita 50 za kuona na mita 100 za kusimama. Nusu iliyobaki anaiendesha kwa imani.

Ukishuka hadi 60, ile 100 inashuka hadi kama 60. Ndiyo faida ya kupunguza kidogo tu, maana mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Wenye mabasi watakuwashia taa nyuma na kukupigia honi ndefu. Wapishe, wapite, endelea na 60 yako.

Mambo yanaanzia chini, kwenye matairi

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo, haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyolishika gari lote na wanao waliolala kiti cha nyuma. Halafu mtu huyohuyo anayelipia bima kubwa na rimu za kung'aa ananunua matairi ya mtumba bila kuyageuza ayasome.

Pembeni mwa tairi, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Kashata zake, yale matuta ya uso wa tairi, zinaweza kuonekana nzima kabisa, lakini mpira umekauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Jambo la pili ni neno STUDLESS, ambalo utalikuta kwenye matairi mengi yanayotoka Japani, au ile alama ya mlima wenye nyota ya theluji katikati. Hayo ni matairi ya majira ya baridi. Mpira wake umelainishwa ushike barafu, na uso wake una chale nyembamba nyingi. Kwenye lami ya moto ya Chalinze saa nane mchana unakuwa laini kupita kiasi, gari linayumba kwenye kona na breki zinachukua muda. Yanauzwa bei nafuu, na yanaonekana mapya kwa sababu aliyekuwa nayo kule aliyatumia miezi michache tu kwa mwaka. Vijana wa matairi wanajua. Wengine wanakwambia, wengine hawakwambii.

Upepo nao: kuna stika kwenye fremu ya mlango wa dereva inayosema gari lako linataka kiasi gani. Pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi likiwa la baridi. Ukipima baada ya kilomita mia mbili za jua utaona namba kubwa, utatoa upepo, na kesho yake asubuhi tairi litakuwa pungufu.

Mvua ya kwanza, na mifereji ya malori

Watu huogopa mvua kubwa ya katikati ya masika. Mimi naogopa zaidi manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, yale yanayokuja Oktoba au Novemba ukiwa umeshasahau mvua. Miezi yote hiyo lami imekuwa ikikusanya vumbi, mafuta, mpira wa matairi na dizeli inayomwagika kutoka kwenye matenki ya malori yakipinda kona. Maji kidogo yakigusa mchanganyiko huo, barabara inateleza kuliko itakavyoteleza wiki ya tatu ya mvua, wakati uchafu wote umeshaoshwa. Kwenye mizunguko na kona za kupanda ndiko dizeli inakojaa. Ukiona lami inang'aa rangi rangi, usikanyage breki hapo juu yake. Breki zilitakiwa zimalizike kabla ya kufika.

Mvua ikishakolea, adui anabadilika. Sehemu nyingi za Tanzam, hasa zile za kupanda ambako malori hutambaa na mizigo yake, lami imekaa mifereji miwili pale magurudumu yanapopita. Mvua ikinyesha mifereji hiyo inajaa. Gari dogo likiingia humo kwenye 80 au 90, tairi linashindwa kuyasukuma maji pembeni na linapanda juu yake. Linaelea. Dalili zake ukizijua huzisahau: usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama hakuna kitu mwisho wake, ile sauti ya maji yanayopiga chini ya gari inakatika, na mshale wa injini unapanda bila wewe kuongeza mafuta. Hapo mkono na mguu vinataka kufanya mambo mawili, kukanyaga breki na kupinda, na yote mawili ni mabaya. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulivyo, subiri. Tairi litashuka lenyewe kwenye lami ndani ya sekunde moja au mbili, ndefu sana lakini zinapita. Likishashika ndipo ufanye unachotaka.

Kuepuka ni rahisi kuliko kuponyoka. Kwenye mvua mimi huhama kidogo ndani ya njia yangu, magurudumu yapite kwenye mgongo wa lami katikati ya mifereji. Cruise control nazima tone la kwanza linapodondoka, kwa sababu gari likielea kile kifaa kinaweza kuendelea kusukuma injini ili kutunza mwendo. Na silipiti lori kwenye mvua kubwa. Nyuma ya semi lenye magurudumu zaidi ya 20 kuna wingu la maji na tope, ukijitokeza kulia huoni kitu kwa sekunde kadhaa, waipa zinapiga bure. Dereva wa lori atakupa indiketa ya kushoto, maana yake pita, njia iko wazi. Au ya kulia, maana yake tulia, kuna gari linakuja. Ni lugha nzuri ya barabarani kwetu na imeokoa wengi. Ila aliyekupa ile ya kushoto amepima kwa macho yake, hajui injini yako ina nguvu kiasi gani, hajui umebeba watu wangapi, na mara nyingine anataka tu kuchepuka kwenda sheli iliyoko kushoto.

Kwenye mvua kuna desturi nyingine ambayo sijui nani aliileta: kuwasha hazadi, indiketa zote mbili kwa pamoja, huku gari linakwenda. Msafara mzima unapepesa. Matokeo yake ukitaka kupinda, kwenye magari mengi indiketa haionekani, na aliye nyuma hajui kama umesimama au unakwenda. Washa taa kubwa, zilizoinamishwa, hata kama ni saa sita mchana. Hazadi zitakuwa na kazi yake ukisimama kweli.

Mvuke ndani ya kioo una dawa ambayo watu wengi wanayo ila hawaitumii. AC hukausha hewa. Iwashe, elekeza upepo kwenye kioo cha mbele, na kama baridi inawatesa abiria weka joto kidogo. AC na joto vinaweza kufanya kazi pamoja. Kufuta kwa kiganja kunaacha michirizi ya mafuta ambayo usiku, taa za mbele zikikupiga, inageuka utando mweupe mbele ya macho.

Ukungu

Kuanzia Mafinga kwenda Nyororo hadi Makambako, na kwetu zaidi ukishapita Uyole kupanda Isyonje kuelekea Tukuyu, kuna asubuhi ambazo barabara haipo. Unaona boneti yako na kipande cha lami. Dereva mgeni anawasha taa ful, na ukungu unamrudishia mwanga wote usoni. Taa ziinamishwe, na kama gari lina taa za ukungu zile za chini, ndiyo siku yake. Shusha kioo nusu, zima redio. Baridi utaivumilia, maana kwenye ukungu masikio yanafanya nusu ya kazi: lori linalopanda kwa gia nzito utalisikia kabla hujaliona, na ng'ombe vilevile.

Fuata mstari wa pembeni kushoto, sio wa katikati. Wa katikati unafuatwa pia na mwenzako anayekuja. Kuna wanaopenda kujibanza nyuma ya taa nyekundu za lori na kulifuata kwa kuamini kwamba dereva wake anaona. Haoni zaidi yako sana. Ameinuka juu tu, na likisimama ghafla wewe ndiye utakayesimamia kwenye chuma chake cha nyuma.

Ikifika mahali huoni mita 20, toka barabarani kabisa. Nasema kabisa: sheli, uwanja wa shule, mbele ya duka la kijijini. Kuegesha ukingoni huku taa za nyuma zinawaka ni kumwita mwenzako aliyepotea akufuate, akidhani ndiko barabara iliko. Ukungu wa kule kwetu mara nyingi jua likipanda saa tatu au nne unainuka. Kwenye vijiji vile chai ya maziwa na viazi vya moto havikosekani, kwa hiyo sioni hasara.

Kushuka Kitonga

Kitonga iko wilayani Kilolo, kati ya Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na Ilula kwenye nyanya. Ukitoka Dar unaipanda. Kuipanda ni uvumilivu tu, unajipanga nyuma ya malori. Kuishuka ndiko kunakopima gari.

Safari moja ya kutoka nyumbani nilisimama Ilula ninunue nyanya. Pembeni kulikuwa na mzee wa semi, mtungi wa maji chini, utingo wake anagonga matairi kwa nondo moja baada ya jingine akisikiliza mlio. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba. Unashuka?"

"Nashuka, mzee."

Akachungulia ndani ya gari langu. "Otomatiki hiyo?"

"Ndiyo."

"Basi usiiache kwenye D. Weka mbili, au hiyo L, usikie injini inalia. Ikilia usiogope, inakushika. Mlima unashukwa kwa gia uliyopandia. Vijana wanashuka kwa breki, wakifika chini breki zimeiva."

Nimesikia maelezo marefu ya mafundi kuhusu jambo hilo na hakuna aliyelisema vizuri kuliko yule mzee. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua kunaleta joto. Ukizikanyaga mfululizo kilomita kadhaa za mteremko, joto linazidi uwezo wake wa kupoa na zinaacha kushika, hata ukikanyaga mpaka chini. Kwenye gari dogo kuna hatari ya pili: mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamenyonya unyevu, yakipata joto yanachemka, mapovu yanaingia kwenye mabomba, na pedali inakuwa laini kama unakanyaga sifongo. Kwenye lori kuna ya tatu, upepo, maana breki zake zinaendeshwa na hewa iliyoshindiliwa kwenye matenki. Dereva anayegusagusa breki kila kona anautumia haraka kuliko kompresa inavyoujaza. Ndiyo maana fundi akikwambia ubadilishe mafuta ya breki kila miaka miwili, hakutafutii hela ya soda.

Nilimwacha mzee atangulie, nikafuata kwa mbali. Aliishuka Kitonga polepole kuliko mtu anavyokimbia, injini inanguruma, taa za breki zinawaka mara chache na kuzimika. Kona kama ya tatu tukakuta lori jingine limeegeshwa upande wa mlima. Nilikuwa nimeshusha vioo na harufu ilitufikia kabla hatujaliona, ile harufu kali ya breki zilizoungua inayokaa kooni. Magurudumu ya nyuma ya trela yalikuwa yanafuka moshi mweupe, na utingo, pekupeku, alikuwa anasukumia gogo chini ya tairi huku anapiga kelele kwa dereva asitoke. Huyo alibahatika kupata mahali pa kusimama. Iwambi na Mlima Nyoka kule Mbeya ni majina yanayojirudia kwenye habari za ajali kwa sababu kuna waliokosa mahali hapo.

Tatizo jingine ni kuweka fri, gari linateremka kwa uzito wake ili dizeli ibaki. Dizeli iliyobaki huwa ina mnunuzi. Wenzetu Kenya wanaijua habari hiyo kutoka Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, mteremko mrefu ambao madereva wa malori walizoea kuushuka fri. Kwenye barabara hiyohiyo, alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana eneo la Migaa wakafa watu 36, na baada ya hapo serikali ikatenganisha njia za kwenda na kurudi. Ukuta wa zege katikati unasaidia sana. Sisi kwenye miteremko mingi bado tunategemea mstari wa rangi.

Kwa gari dogo kuna jambo moja la nyongeza: usishuke mbele ya lori ukiwa karibu nalo. Lipishe litangulie, au liache nyuma mbali. Likikosa breki, aliye mbele yake ndiye breki.

Maji juu ya barabara

Hapa sina mjadala na mtu. Maji yanayotembea juu ya barabara sivuki.

Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wanakwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, huko Mwingi, Kitui. Lilizama watu wakiwa wanatazama kutoka ukingoni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi ni zito, tani nyingi, na kila aliyekuwa humo bila shaka aliona uzito huo ni usalama. Lakini gari ni sanduku lenye hewa. Sentimita 30 za maji zinatosha kuanza kuliinua gari dogo, na 60 zinazokwenda kasi zinaweza kubeba hata Prado. Mtu mzima kwa miguu anaangushwa na 15. Likishainuliwa, matairi hayana cha kushika, na kuanzia hapo hakuna dereva ndani, wote ni abiria.

Kuna hilo la nguvu, halafu kuna la usichokiona. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, Gairo, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, lilikatwa na maji, na njia kuu ya kwenda makao makuu ya nchi ikafungwa. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya barabara ya Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na wasafiri wa kusini wakakwama pande zote mbili. Lami inaliwa kutoka chini. Maji yanapita juu yake, rangi ya chai ya maziwa, na wewe ulioko pembeni unaona mstari wa maji uliolala sawasawa. Kama chini yake kuna barabara au kuna shimo la mita tatu, maji hayasemi.

Njia ya Kilosa, msimu wa masika, nilikuta drifti limefunikwa, lile daraja la chini ambalo maji hupita juu yake. Vijana walikuwepo kama wanavyokuwepo sehemu zote za namna hiyo, suruali zimekunjwa, tayari kukutangulia kwa elfu mbili.

"Pita tu, kaka, Noah imepita sasa hivi."

Mama aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha chini ya mwembe hakuinua hata kichwa. "Maji haya ni ya milimani, mwanangu. Hapa jua, kule mvua. Chomeka kijiti."

Nikachomeka kijiti pale maji yanapoishia. Baada ya nusu saa kilikuwa ndani ya maji, kimezamishwa hadi shingoni. Mto ulikuwa unapanda, na juu yetu hapakuwa na wingu. Nikala mihogo. Pikipiki mbili zilibebwa na vijana juu kwa juu, lori la mkaa likavuka, vijana wakanitazama kwa huruma. Alasiri kijiti kikabaki nje, mama akasema sasa. Maji yalipoondoka tuliona drifti lilivyo: upande wa chini, kule magurudumu ya kushoto yangepita, kipande cha zege chenye upana wa meza kilikuwa hakipo.

Ukishavuka hata dimbwi la kawaida la kufika nusu ya rimu, kanyaga breki kidogo kidogo mita mia kadhaa zinazofuata zikauke. Breki zilizolowa hazishiki mara ya kwanza, na mara ya kwanza ndiyo mara nyingi unayoihitaji.

Usiku

Tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, watu wengi wa magari madogo nao wamepata moyo. Mimi usiku wa mvua silazimishi. Kuna lori limeharibika bila taa, kuna mkokoteni, kuna mtembea kwa miguu aliyevaa koti jeusi, na ukipita Mikumi kuna nyati, mnyama mweusi asiyekwepa na ambaye macho yake hayakurudishii mwanga mpaka akugeukie. Ile mbao ya faini inayoorodhesha kila mnyama na bei yake inachekesha abiria mchana. Ukimgonga nyati usiku, faini itakuwa jambo dogo kuliko yote.

Usingizi sitausema sana, kila mtu ana dawa yake ya uongo: kahawa, kutafuna, muziki mkubwa. Dawa ni kulala. Dakika 20 kwenye sheli yenye taa zinarudisha akili.

Nilichobadilisha mimi ni simu. Nyumbani nilishawaambia wasiniulize nitafika saa ngapi. Mama alilalamika, chakula kinapoa. Lakini ukishasema "saa mbili usiku nitakuwa hapo," kuanzia Igawa unaendesha saa, unalazimisha kupita malori ambayo asubuhi usingeyapita. Siku hizi namwambia, "Mama, nikikuta mvua nalala Makambako," na anajibu sawa, halafu anapika hivyohivyo.

Ukiharibikiwa

Gari likizima kwenye mvua au kona, watu kwanza. Washushe wote upande wa mbali na barabara, wasimame nyuma ya gari kwa mbali au juu ya tuta, wasikae ndani kwa sababu ya kuogopa kulowa. Washa hazadi. Vile vibao vya pembetatu viwekwe mbali, hatua mia moja kwenda nyuma na zaidi kama kuna kona au mteremko. Pembetatu iliyowekwa mita tano nyuma ya gari inamwonyesha mwenzako kitu ambacho ameshakigonga.

Kama huna, kata matawi. Hiyo ni alama yetu, inaeleweka kutoka Namanga hadi Tunduma: majani mabichi kwenye lami, kila hatua kadhaa, maana yake mbele kuna gari limelala. Mimi nikiyaona napunguza kabla ya kujua ni nini.

Lakini gari likishapona na kuondoka, utakuta matawi yamebaki palepale siku nzima, na mawe yaliyokuwa chini ya tairi yamebaki katikati ya njia. Dereva kapanda, kafunga mlango, kaenda. Jioni yake kuna kijana wa bodaboda na abiria nyuma, taa moja hafifu, mvua usoni, na jiwe lile lina ukubwa wa kichwa. Dakika mbili zinatosha: utingo ayasukume mawe mtaroni, matawi uyatupe porini, ndipo muingize gia.